Vumbi linajaa ndani ya gari? Cheki filta ya AC

Kama unapita rafu rodi kila siku na ukiwasha feni tu unaanza kupiga chafya, fungua kiboksi cha dashibodi upande wa abiria, kwenye Toyota nyingi unabana kuta zake za pembeni kinashuka chote, nyuma yake kuna kifuniko kirefu cha plastiki, filta ndo inakaa humo. Yangu niliikuta ya kahawia kama gunia, majani makavu juu yake, aibu. Usiioshe, ile ni karatasi, weka mpya na ufuate mshale wa upepo. Ukiwa nyuma ya lori bonyeza kitufe chenye gari na mshale unaozunguka ndani ili kufunga hewa ya nje, ukishalipita rudisha hewa ya nje, maana feni ikisukuma hewa ndani vumbi halipenyi kirahisi kwenye raba za milango.