Somo: Kuipigia debe njia ya miguu na baiskeli juu ya reli ya zamani

Wanachama, tangu tulipogusia habari ya Namasagali, bandari ya zamani kando ya Mto Nile kule Busoga, maswali hayajakoma, kwa hiyo leo naliweka somo lote mahali pamoja. Hapa sifundishi ujenzi. Nafundisha kushawishi: utawafanyaje majirani, wilaya na wenye reli wakubali kwamba tuta lililokaa miaka bila treni linaweza kuwa njia ya watu wote, ya kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli.

Nianze na neno litakalowaudhi baadhi yenu. Ukimwendea Mganda, Msoga au Mteso ukamwambia "reli imekufa, tuigeuze bustani", umeshindwa kabla hujapewa kiti. Watu wetu bado wanaisubiri treni. Wazee wa landi za reli (nyumba za wafanyakazi wa reli) kule Jinja na Tororo wanaisubiri, wafanyabiashara wanaisubiri, na serikali nayo ina mipango yake: reli ya Tororo hadi Gulu imo katika ukarabati, na mkataba wa reli ya kisasa ya Malaba hadi Kampala ulitiwa saini Oktoba 2024. Basi hoja yetu iwe hii: njia ya miguu inalinda hifadhi ya reli, yaani ukanda wa ardhi ya reli, isimegwe, hadi siku treni itakapohitajika tena. Wamarekani waliliingiza jambo hili kwenye sheria mwaka 1983. Kampuni ikiacha reli, ukanda wake unaweza kuwa njia ya matembezi huku ukihesabiwa ni akiba ya treni. Vipande vichache vimesharudishiwa treni kweli. Hoja hiyo ndiyo inayofungua milango ya ofisi. Bila hiyo utaonekana umekuja kuiba ardhi.

Hatua ya 1: Jua unazungumzia reli ipi

Malaba hadi Jinja hadi Kampala ina treni za mizigo. Hiyo hatuigusi, kutembea juu yake ni hatari na ni kosa. Tororo, Soroti, Lira hadi Gulu kuna mafundi, nako tukae mbali. Reli ya magharibi ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na treni zake zikakoma mwishoni mwa miaka ya 1990. Hiyo inafaa kuzungumziwa, kipande kwa kipande.

Ila ukiniuliza mimi, pa kuanzia ni Busoga. Reli ya Jinja hadi Namasagali ilifunguliwa mwaka 1912. Pamba ya pande za Ziwa Kyoga ilishushwa melini pale Namasagali, ikapanda treni hadi Jinja, kisha ikavuka Ziwa Victoria kwenda Kisumu. Mafuriko ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 yaliimaliza bandari, na majengo yake yakawa shule. Angalia kilichopo hapo: Jinja, mji wenye jumba la makumbusho ya reli upande mmoja, Mto Nile upande wa pili, na hadithi katikati. Njia isiyo na mahali pa kufika haiuziki hata uipigie ngoma.

Hatua ya 2: Itembee kabla hujaisifia

Usiandike barua hata moja kabla hujapita kwa miguu. Nenda na mtu aliyewahi kufanya kazi ya gangi, kundi la kutunza reli, maana yeye anajua kalvati (mifereji ya maji chini ya tuta) ziko wapi hata kama nyasi zimezifunika. Nenda na mtu wa kijiji pia.

Faida ya reli utaihisi magotini. Gurudumu la chuma juu ya chuma huteleza, kwa hiyo waliojenga reli walikwepa milima: walichonga, walijaza, walizunguka, ili mwinuko usizidi mita mbili hivi kwa kila mita mia. Mama aliyebeba jerikeni ya lita ishirini anaijua faida hiyo kuliko mhandisi yeyote, ndiyo maana ameshaifanya njia yake. Kasoro utaihisi miguuni. Kokoto za reli ni kubwa na zina makali. Zinakula raba za baiskeli na kuteguza vifundo. Na pale mataruma, yale magogo yanayobeba reli, yalipobaki, yamepangwa karibu mno ukikanyaga kila moja na mbali mno ukiruka moja, unatembea kama unayegombana na miguu yako mwenyewe. Kwa hiyo usipeleke mzungu wa baiskeli mahali pa namna hiyo ukaita utalii. Tafuta kwanza mapito ya pembeni ya tuta, yaliyokwisha kusawazishwa na miguu ya watu.

Andika kila kitu: kalvati iliyoziba, tuta lililochimbwa kwa ajili ya matofali, nyumba iliyoingia kwenye hifadhi, kinamasi, kisima, mwembe wenye kivuli, mahali simu inakosa mtandao. Daftari hilo ndilo litakaloheshimiwa mkutanoni.

Hatua ya 3: Majirani kabla ya wakubwa

Hapa ndipo miradi mingi hufa, na huwa haifi kwa kukosa pesa.

Pembeni mwa reli kuna watu wanaolima mahindi na mihogo kwenye hifadhi. Wanajua ardhi si yao. Wakiona kundi la watu wenye vizibao vya kung'aa wakipima kwa hatua, wanachokiona ni watu waliokuja kuwafukuza. Siku hiyohiyo habari itakuwa imefika gombolola (kata) nzima, na hutapata wa kukupa hata maji.

Kwa hiyo nenda kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, kwanza, mikono mitupu, bila kamera. Mwombe akuitie watu. Kikao kiwe kwa lugha yao. Kiswahili chetu kinafaa mjini, sokoni na kwa askari, lakini bibi wa kijijini Kamuli mzungumzie Kisoga. Waulize wao wanaitumiaje njia hiyo. Utasikia: watoto wanapita kwenda shule, ng'ombe wanapelekwa mtoni, wagonjwa wanabebwa kwa baiskeli wakati barabara imejaa matope. Hayo ndiyo maombi yako ya kweli, yaandike kama walivyoyasema.

Usiahidi ajira, fidia wala treni. Ahidi vitu vinavyofika mkononi mwako, kama kufyeka nyasi. Busoga na Buganda zinajua bulungi bwansi, kazi ya pamoja ya kijiji. Asubuhi moja ya bulungi bwansi kwenye kilomita mbili za tuta, na posho (ugali) na maharage baada ya kazi, itafanya zaidi ya semina tano hotelini.

Na usisahau jambo hili: Bristol na Bath kule Uingereza, ambako mwaka 1979 watu wa kujitolea walianza kuitengeneza reli iliyokuwa imefungwa, njia yao leo imejaa watu wanaokwenda kazini na shuleni. Watalii ni nyongeza tu.

Hatua ya 4: Barua

Mwenye mali ni Shirika la Reli la Uganda. Andika ukurasa mmoja, ukiomba ruhusa ya kutumia kipande fulani, kutoka hapa hadi pale, kwa siku moja, kwa matembezi. Usiombe ardhi wala mkataba wa miaka. Nakala iende kwa mwenyekiti wa LC5 (baraza la wilaya), RDC (mwakilishi wa Rais wilayani), gombolola na polisi, na kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Kama njia inakatiza kinamasi, afisa mazingira wa wilaya aarifiwe.

Hatua ya 5: Siku ya matembezi

Marekani kila Aprili kuna siku ya kitaifa ya njia za namna hii. Aprili kwetu ni mvua, na tuta la udongo mwekundu likilowa ni sabuni. Chagua Januari, Februari, au Julai.

Kilomita tano hadi nane zinatosha. Anzia shuleni au stesheni ya zamani, ishia penye maji na kivuli. Kila kilomita weka mtu mmoja mwenye simu na maji. Wapange akina mama wauze chapati, rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai), ndizi na chai mwishoni, na fedha ibaki kwao. Asiwepo mtu wa kamati anayekata asilimia. Msimamishe mzee mmoja wa reli penye daraja asimulie: treni ilipita saa ngapi, dereva alipiga honi wapi. Watu watasahau hotuba ya mgeni rasmi, mzee huyo watamnukuu mwaka mzima. Kwa hiyo mpe mgeni rasmi dakika tano.

Hesabu waliokuja. Watu wazima, watoto, wanawake, baiskeli. Hesabu hiyo ndiyo barua yako ya pili kwa Shirika la Reli.

Hatua ya 6: Habari ienee

Redio ya mtaa, kipindi cha jioni, na wapigaji simu wakiruhusiwa kulalamika. Ramani ya OpenStreetMap ni bure, yeyote anaweza kuichora njia. Lakini ichore baada ya ruhusa, usije ukawaelekeza wageni kwenye shamba la mtu. Mabango yawe ya mbao au saruji, kamwe si ya chuma. Chuma kitauzwa skrepu kabla ya Ijumaa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Kasese: Kwetu reli bado zimelala pale pale, zimefunikwa na majani. Tuziondoe ili tupate njia?

Msiguse hata msumari, ndugu yangu. Ile ni mali ya umma, na mtu akishakamatwa na kipande cha reli, hakimu hatasikiliza habari za matembezi. Njia yenu ipite pembeni ya reli, ndani ya hifadhi. Isitoshe, watu wanaotembea kila siku ni walinzi wa bure: mwizi wa mataruma hapendi macho. Waambieni hilo Shirika la Reli, watalipenda. Jingine: mko jirani na Hifadhi ya Queen Elizabeth, na tembo hawasomi mabango. Ongeeni na watu wa Mamlaka ya Wanyamapori kabla hamjatangaza kipande chochote cha upande huo.

Mama mkulima, Kamuli: Nimelima kwenye hifadhi miaka mingi. Mkileta hiyo njia, nitafukuzwa?

Mama, sitakudanganya. Ardhi ile ni ya reli, na haki yako pale haiongezeki wala haipungui kwa sababu ya njia yetu. Siku treni ikirudi, reli wataidai. Sisi tunachokuomba ni upenyo wa mita tatu juu ya tuta, si shamba lote, na unapanga wewe na LC1 wako upite wapi. Panda mazao ya msimu, usipande kahawa. Na mtu yeyote akija kwako akisema ametumwa na kamati ya matembezi kukutoza au kukuhamisha, mpeleke kwa mwenyekiti.

Mwanachama wa Tororo: Tukishatengeneza na treni ikarudi, si tutakuwa tumepoteza jasho letu?

Hapana, mtakuwa mmewatunzia hifadhi isiyo na nyumba juu yake. Kuvunja nyumba kunagharimu zaidi kuliko kufyeka nyasi, na wanaojenga reli wanalijua hilo. Tena mnaweza kudai tangu mwanzo kwamba treni ikirudi, kibaki kijia cha pembeni penye nafasi. Liwekeni kwenye barua ya kwanza, msingoje.

Dereva wa boda, Jinja: Pikipiki ziruhusiwe. Sisi pia ni raia.

Nilijua utakuja! Nguzo za kuachana mita moja na nusu huzuia gari, lakini haziwezi kuzuia pikipiki bila kuzuia kiti cha magurudumu. Kwa hiyo hapa nguzo hazisaidii, yanasaidia makubaliano. Pendekezo langu: boda zibaki kwenye makutano, ziwe ndizo zinazowaleta na kuwarudisha watu. Mtu aliyetembea kilomita nane hana hamu ya kurudi kwa miguu, na hapo stendi yenu inakula. Mgonjwa au mjamzito akihitaji kupita juu ya tuta, nani atamzuia? Hakuna.

Mwanachama wa Mityana: Tuna nia, hatuna fedha. Wafadhili tuwapate wapi?

Kwa mwaka wa kwanza msiwatafute. Mfadhili akija kabla ya majirani, njia inakuwa ya mfadhili. Kule New Zealand, reli ya Otago ilifungwa mwaka 1990 na njia ikafunguliwa kamili mwaka 2000. Miaka kumi. Leo ina kilomita 152, na vijiji vilivyokuwa vinakauka vina vyumba vya wageni na chakula cha kuuza. Nyinyi mna kilomita ngapi mnazoweza kufyeka kwa mapanga mliyonayo? Anzeni na hizo. Na kwenu Buganda kuna ardhi ya mailo (ardhi ya watu binafsi yenye hati) pembeni ya hifadhi, kwa hiyo tafuteni mawe ya mpaka mapema, msije mkaingia kwa mwenye mailo mkidhani mko kwa reli.

Mwalimu wa kike, Mbulamuti: Wasichana wangu wanaogopa kipande chenye vichaka. Tufanyeje?

Kipande hicho kifyekwe kwanza, kabla ya kile chenye mandhari nzuri, mita tano kila upande, ili mtu aonekane kutoka mbali. Watoto wapite kwa makundi, wakubwa mbele na nyuma. Na siku ya matembezi, mwalimu, njia ianzie shuleni kwako. Tuandikie idadi ya watoto kabla ya mwisho wa muhula, na tutaanza saa moja asubuhi, jua likiwa bado pole.