Somo: Kugeuza speli za mchawi kuwa nguvu za akili (D&D 3.5)

Wakuu, naandika mara moja ili nikiulizwa tena nitume kiungo tu. D&D ni Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika. Kila kundi jipya hapa Lindi likianza kampeni (hadithi ndefu ya mchezo), hakosi mchezaji asiyetaka kuwa mchawi wa kitabu cha ndumba. Anataka psion, mtu anayetenda kwa akili tupu. Halafu speli anayoipenda haimo kwenye orodha ya nguvu za psion, inabidi tuigeuze. Hesabu hizi ni za toleo la 3.5. Toleo la 5 lina zake, usichanganye.

1. Hakikisha haijageuzwa tayari. Charm Person (speli ya kumvuta mtu akuone rafiki), kwa mfano, ina pacha wake upande wa akili.

2. Ngazi ya speli inabaki ileile. Usiichanganye na ngazi ya mhusika mwenyewe.

3. Bei, yaani pointi ambazo psion analipa kutoka akiba yake ya siku: ngazi ya speli mara mbili, toa moja. Ngazi ya 1 ni pointi 1, ya 3 ni 5, ya 9 ni 17.

4. Hapa soma taratibu, maana hapa ndipo meza nyingi zinaharibikiwa. Speli hukua bure. Magic Missile ya mchawi wa ngazi ya 1 ni mshale mmoja. Akifika ya 9 ni mitano, naye hajaongeza chochote. Nguvu ya akili haikui hivyo, mwenyewe analipia. Ukinakili maelezo ya speli kama yalivyo ukabandika bei ya pointi 1, basi psion wa ngazi ya 9, mwenye pointi 72 kabla ya bonasi, anarusha mishale 360 kwa siku. Mchawi wa ngazi hiyo ana nafasi 4 tu za speli za ngazi ya 1. Kwa hiyo andika: mshale mmoja kwa pointi 1, kila mshale wa ziada pointi 2, mwisho mitano. Mitano inagharimu 9, na zile 72 zinatoa mishale 40.
Angalizo: pointi za kutumia nguvu moja kwa mpigo, pamoja na za kuikuza, zisizidi ngazi ya mtumiaji. Msimulizi (anayeendesha mchezo) akisahau hili, mtoto wa ngazi ya 3 ataangusha joka.
Angalizo la pili: umbali na muda viache vikue bure. Kinacholipiwa ni madhara. Wapo wanaolipisha kila kitu, kisha wanashangaa hakuna anayetaka kucheza psion.

5. Futa maneno, ishara za mikono na vifaa. Weka dalili badala yake: sauti, harufu, mwanga, utelezi, au mlio ndani ya kichwa. Mezani kwetu kuna mmoja akituma nguvu, panatoka harufu ya korosho zinazochomwa. Adui wa kusini anajua mara moja.

6. Chagua fani, yaani kundi la nguvu. Kupiga ramli kunaenda kwenye utambuzi, moto na radi kwenye kusukuma nishati, kubadili mwili kwenye fani ya mwili, kuhama mahali kwenye fani ya safari, kuteka akili kwenye telepathia. Mazingaombwe nayaweka telepathia pia. Ya maiti siyagusi. Viumbe vya kuita ndiyo raha: psion haiti mnyama kutoka popote, anamfinyanga kwa ektoplazimu (ute wa ajabu), hana akili wala roho. Sisi tunamfinyanga mjusi wa Tendaguru, yule ambaye mifupa yake iko Berlin.

MASWALI

Mdau wa Nachingwea: Mkuu, Fireball inakuwa pointi ngapi?
Jibu: Hatua ya 3.
Mdau wa Nachingwea: Sijaelewa.
Jibu: Tatu mara mbili, toa moja. Tano.

Mdau wa Masasi: Unakuza mambo. Sisi tunaacha ikue bure na mchezo unaenda.
Jibu: Wahusika wenu wako ngazi ya ngapi?
Mdau wa Masasi: Ya 2.
Jibu: Haya. Tuonane ya 9.

Mdau wa Mikindani: Samahani kaka, nimeona Energy Ball ni ya ngazi ya 4, na Fireball ni ya 3. Zote si mpira wa kulipuka?
Jibu: Dada, wewe umesoma. Energy Ball unachagua papo hapo: moto, baridi, umeme au sauti. Tena haina ukomo wa dadu 10 kama Fireball. Ukomo wake ni ngazi yako. Hayo mawili yanastahili ngazi nzima. Ukigeuza Fireball ukaibakiza ya 3, iwe moto tu, dadu 5 za madhara kwa pointi 5, kila pointi ya ziada dadu moja, na ukomo wa 10 ubaki.
Mdau wa Mikindani: Na Dispel Magic (speli ya kufuta uchawi) inaigusa nguvu ya akili?
Jibu: Inaigusa. Kanuni ya kawaida ni kwamba uchawi na akili vinaonana, hata kinga ya speli inazuia nguvu za akili. Msimulizi anaweza kuvitenganisha, ila hapo psion anakuwa hashikiki.

Mdau wa Nachingwea: Dadu ya pande 20 mnapata wapi? Huku kuna za ludo tu.
Jibu: Vizibo 20 vya soda, namba kwa ndani, mfuko mweusi. Kila ukichota, rudisha, tikisa.
Mdau wa Mikindani: Msitumie vya maji ya chupa, wino haushiki kwenye plastiki.