Sikio Kwanza, Mshale Baadaye: Kutyuni Gitaa na Kunyoosha Sauti kwa Tyuna ya Simu

Karibu kila mwanafunzi anayekuja kwangu ana tyuna kwenye simu, yaani programu inayoonyesha kwa mshale kama noti imepanda au imeshuka, na wengi huitumia vilevile: anapiga uzi, macho yanakimbilia kioo, mkono unazungusha kigingi cha kukazia uzi mpaka taa ya kijani iwake. Gitaa limekaa sawa, sikio halijajifunza kitu. Mimi nawataka wasikilize, waamue, ndipo waangalie.

Hatua ya 1: Kagua mpangilio wa tyuna

Hakikisha imewekwa 440. Hiyo ni noti A yenye mitetemo 440 kwa sekunde, kiwango cha kimataifa kilichomo katika ISO 16 ya mwaka 1975. Siku moja tulipoteza nusu saa ya mazoezi, mimi na mpiga kinanda, kila mmoja akiamini mwenzake ndiye aliyekosea. Tyuna yangu ilikuwa 435, nami sikuwa nimeitazama. Kijani kiliwaka kwenye nyuzi zote sita, na bado nilikuwa chini ya kinanda kwa karibu senti 20. (Senti ni kipimo cha tyuna: kutoka noti moja hadi inayofuata, kwa mfano A hadi A kali, ni senti 100.)

Kisha chagua hali ya noti zote 12, si ile ya gitaa pekee. Utaihitaji kwenye sauti.

Hatua ya 2: Panda kuelekea noti, usishuke

Ziba nyuzi nyingine kwa kiganja, piga uzi mmoja polepole kwa kidole gumba. Sauti hupanda kidogo pale inapopigwa, kisha hutulia, subiri itulie. Sasa jiulize, imepanda au imeshuka? Jibu kwanza, kisha tazama.

Tuseme uzi wa tano, A, umepanda senti 12. Usiulegeze mpaka sifuri ukaishia hapo. Ulegeze upite, ufike kama senti 20 chini, uvute kidogo kwa kidole, kisha ukaze taratibu mpaka mshale usimame katikati. Meno ya kigingi yana nafasi ndogo ya kucheza, na uzi hunasa kwenye mfereji wake pale juu ya shingo. Ukimalizia kwa kulegeza, ule ulegevu unabaki ndani, na ukianza kupiga uzi unashuka.

Uzi wa sita husumbua simu nyingi kwa sababu sauti yake ni nzito, mitetemo 82 hivi kwa sekunde. Wakati mwingine tyuna itaandika B wakati umepiga E. Uzi haujaharibika, simu imeshika mojawapo ya sauti ndogo zinazolia ndani ya ile kubwa. Gusa uzi juu ya chuma cha freti ya 12 (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa) bila kuubonyeza, piga, inua kidole. Utapata E ya juu zaidi, safi, na mshale utatulia.

Ukimaliza nyuzi sita, rudia tangu mwanzo. Mkazo mpya huvuta shingo, na zile za kwanza huwa zimeshuka.

Hatua ya 3: Sauti yako

Piga noti iliyo katikati ya sauti yako, iache inyamaze kabisa. Shika simu kioo kikiwa kimegeukia chini, imba "nuu" kwa sekunde nne bila kuitikisa sauti. Ungali unaimba, onyesha kwa kidole gumba cha mkono wa pili: nimepanda, nimeshuka, nipo sawa. Ndipo ugeuze simu.

Usikimbize sifuri. Sauti ya mtu husogea, na ukibaki ndani ya senti 10 juu au chini umefanya vizuri. Angalia mwendo wa mshale: ukianza chini ukapanda, uliingia kwenye noti kabla pumzi haijawa tayari, ukizama mwishoni, pumzi imeisha. Makosa haya mawili ndiyo ninayoyasahihisha zaidi ya yote.

Mahali tyuna isiposema yote

Tyuna hugawanya oktava (kutoka noti moja hadi noti ya jina hilohilo iliyo juu yake) katika sehemu 12 zilizo sawa, kwa hiyo kutoka do hadi mi ni senti 400. Lakini mi inayotulia kabisa juu ya do ni kama senti 386. Kwaya ikiimba bila chombo na ikashikana vizuri, anayeshika mi anaweza kuona senti 14 chini. Namwomba asiiguse, asikilize wenzake. Kinanda kikiwepo, afuate kinanda.

Kwenye gitaa ni vivyo hivyo. Ukipiga kodi ya E (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja) utasikia ukwaruzo kidogo kwenye uzi wa tatu. Usiushushe, maana utaharibu kodi ya G.

Zoezi la wiki

Tyuna uzi wa tano peke yake kwa simu. Bonyeza freti ya 5 ya uzi wa sita, piga pamoja na wa tano ukiwa wazi: utasikia mawimbi, wau-wau-wau. Zungusha kigingi cha uzi wa sita. Yanavyopungua kasi ndivyo unavyokaribia, yakipotea, umefika. Endelea hivyo hadi uzi wa kwanza, kila mara freti ya 5, isipokuwa uzi wa tatu, ambao unabonyezwa freti ya 4 ili kupata B ya uzi wa pili. Mwisho kabisa washa tyuna, na uandike daftarini ulikosea senti ngapi kwa kila uzi.