Ukitaka kuweka paka wa meno marefu kwenye gemu yako, usimfanye simba aliyebandikwa meno

Kama wewe ndo unaendesha gemu ya kuigiza, ile ya mezani ya kurusha dadu, na unataka mnyama wa kale wa kuwatisha wachezaji, anza na Smilodon, yule paka wa kale wa meno marefu. Ila wengi tunakosea hapohapo, tunachukua namba za simba, tunabandika meno marefu, tunaongeza madhara, basi. Mimi nilifanya hivyo, pambano likaisha raundi mbili halafu mchezaji mmoja akaniuliza "sasa huyu na simba tofauti yake nini?" nikabaki nakodoa macho.

Tofauti ipo, na iko kwenye yale meno yenyewe. Chonge ya Smilodon mkubwa wa Amerika Kusini, ukihesabu na mzizi, inafika sentimita 28 hivi, karibu rula nzima ya shule. Lakini ni nyembamba ubavuni kama kisu, ikigonga mfupa au windo likifurukuta, inaweza kukatika. Na taya lake halina nguvu kama unavyodhani, wataalamu waliopiga hesabu wanasema ni kama theluthi ya nguvu ya simba. Nguvu zake ziko mikono ya mbele, minene kama ya dubu. Mkia mfupi, mbio ndefu hawezi, ni wa kuvizia tu.

Kwa hiyo kwenye meza fanya hivi. Raundi ya kwanza anaruka toka kichakani, unarusha dadu ya kukamata, haumi kabisa. Mtu akishalazwa chini na kukandamizwa ndo raundi inayofuata anaachama (mdomo unafunguka karibu mara mbili ya simba, hili waelezee taratibu, usiharakishe) na kuuma koo, hapo madhara yawe makubwa kwelikweli. Wenzake wana raundi moja tu ya kumwokoa, na hapo utaona meza nzima imesimama. Dadu ikitoka 1 wakati wa kuuma, chonge inakatika. Wakimkimbia, akiwakosa raundi tatu anaacha.

Wachezaji wageni wape Smilodon gracilis, aina ndogo ya Smilodon, kilo 55 mpaka 100, yule wa Amerika Kusini anaweza kupita kilo 300 kwa hiyo mtunze kwa baadaye.

Mahali pa kuwapeleka ni La Brea, pale ilipo Los Angeles leo, kwenye madimbwi ya lami ya asili ambako yametolewa mabaki ya Smilodon zaidi ya 2,000. Nyati kanasa, analia, lami imefunikwa majani na vumbi hata huioni, paka wanakuja kwa ajili ya nyama na wao wananasa pia, na wachezaji wako wanakitaka kitu kilichoko mgongoni mwa huyo nyati. Huhitaji hata kuandika zaidi ya hapo.

Homotherium, paka mwingine wa kale wa meno marefu, mchezeshe tofauti: miguu ya mbele mirefu, mgongo umeshuka nyuma, huyu ni wa uwanda wazi na baridi, mlete kwa kundi akifukuzia ndama wa mamothi, wale jamaa wa tembo wa kale wenye manyoya. Rangi usibuni sana, kuna mtoto wake aliyekutwa ameganda kwenye barafu huko Yakutia, Urusi, mwaka 2020, manyoya yake kahawia iliyokolea.

Thylacosmilus, mnyama mwingine wa kale wa chonge ndefu, sio paka kabisa, yuko karibu zaidi na kangaruu, na chonge zake zilikuwa zinaendelea kukua maisha yote, kwa hiyo ile kanuni ya dadu 1 kwake iwe nyepesi, wachezaji waliozoea watashtuka.

Halafu kuna wetu, Simbakubwa kutokaafrika, ndo jina lake la kisayansi hilo, alipewa 2019. Naye sio paka, ni mla nyama mwingine wa kale, na aliishi miaka kama milioni 22 iliyopita kwa hiyo usimweke zama moja na mamothi. Mifupa yake ilichimbwa Meswa Bridge magharibi mwa Kenya ikakaa kwenye droo ya makumbusho Nairobi miaka na miaka. Mimi huwa naanzia hapo: wachezaji ni wafanyakazi wa makumbusho, zamu ya usiku, wanavuta droo na taya halipo.