Hori la Tudor kwa Mashua: Namna ya Kupanga Safari kwa Maji ya Mombasa

Anayetaka kuiona Mombasa kama kisiwa, si kama foleni ya magari, hana budi kushuka majini. Njia iliyo bora ni hori la Tudor, mkono wa bahari unaoingia bara: unapandia chomboni Bandari ya Kale, karibu na Fort Jesus, unapita chini ya daraja la Nyali, unapanda hadi kwenye mikoko ya upande wa Jomvu, kisha unarudi kabla ya magharibi. Safari hii hufaulu au huharibika kwa jambo moja tu, nalo ni siku uliyoichagua.

Anza na kalenda ya Kiislamu, kwa kuwa inafuata mwezi. Bamvua, yaani maji yanayojaa sana na kupwa sana, huja baada ya mwezi kuandama na baada ya kupevuka, yaani takriban tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17. Siku hizo maji ya Mombasa hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri, na hupwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila siku inayofuata, saa za maji huchelewa kwa kama dakika 50. Ikifika tarehe 8 hadi 10 huwa ni maji mafu: yanajaa asubuhi, ila yanajaa kinyonge. Kwenye bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Kwenye maji mafu huwa kama mita 1. Ukishapata tarehe, hakikisha saa yenyewe kwenye jedwali la maji la mwaka huo. Kalenda hukupa siku, haikupi dakika.

Kwa mgeni wa hori, chagua bamvua ya alasiri. Ondoka saa 8 mchana maji yakiwa yanajaa, mkondo ukusukume kuingia ndani. Saa 10 uwe umefika mwisho wa safari, na maji yakianza kupwa yakurudishe. Kosa la watu wengi ni kukodi mashua saa 3 asubuhi ya bamvua kwa sababu jua halijawa kali. Huko juu watakuta tope tupu na kaa wakitembea.

Mapatano na nahodha yafanyike kabla ya kupanda. Bei iwe ya chombo kizima na ya kwenda na kurudi, si ya kichwa. Tazama kwa macho yako kama kuna jaketi la kuokoa maisha kwa kila abiria, upondo (mti mrefu wa kusukumia chombo), kasia, nanga na kamba, hata kama injini ni mpya. Kisha muulize: "Nahodha, maji yanageuka saa ngapi leo?" Akisita, tafuta mwingine.

Kabla ya kung'oa nanga, tazama mwamba wa ukingoni. Ni matumbawe yaliyoota zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Chini umeliwa na mawimbi ukaingia ndani, juu umebaki umening'inia. Baadaye, zama za barafu, bahari ilishuka zaidi ya mita 100, mito ikachimba mabonde kuifuata, na bahari iliporudi ikayafurika. Tudor, Kilindini na Port Reitz zote ni mabonde ya mito yaliyozama. Ndiyo maana mlango wa hori ni mwembamba wenye kina, ilhali huko ndani, mito ya Kombeni na Tsalu inakomwaga udongo wake, ni kipwa na tope.

Mbele ya Fort Jesus, ngome iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593, ndipo ilipozama merikebu yao Santo António de Tanná mwaka 1697, wakati Waomani wameizingira ngome. Kuzingirwa huko kulianza 1696 na kumalizika 1698 kwa Wareno kushindwa. Wapiga mbizi walianza kuichimbua merikebu hiyo mwaka 1977, na vitu vyake vimo katika makumbusho ya ngome. Ngome ipitie asubuhi, maji yakiwa bado yamepwa.

Chini ya daraja la Nyali la mwaka 1980 mkondo hubanwa na kukaza. Nusu ya maji yote hupita katika saa ya tatu na ya nne baada ya kugeuka, kwa hiyo chombo chenye injini dhaifu kisipambane na daraja saa hizo. Ng'ambo ya Nyali ndiko mmishonari Mjerumani Krapf alikomzika mkewe mwaka 1844, na ni kwa hori hili hili wamishonari walipita kwenda Rabai.

Ukipita mtaa wa Tudor maji hupanuka, mikoko ikaanza. Iliyosimama mbele kabisa majini, yenye mizizi iliyochomoza juu kama vigingi vinene, ni mlilana. Nyuma yake ni mkoko wenyewe, wa mizizi iliyopinda kama matao. Boriti zake zilipakiwa majahazini kwenda Arabuni kwa karne nyingi. Mkandaa na muia hukaa nyuma zaidi. Mchu utaukuta mbele na nyuma pia, maana unavumilia chumvi: lamba jani lake, utaikuta. Usikate kijiti, ukataji unahitaji kibali. Wala usioge humu, hasa baada ya mvua, kwa sababu maji taka ya mitaa huishia horini.

Saa 10 na nusu ikigonga, geuza chombo, hata kama picha hazijatosha. Hesabu ni hii: ukipwelewa saa 11 jioni, saa moja baada ya maji kujaa, hutaelea tena mpaka karibu saa 9 na nusu usiku. Mashua ikigusa tope, inua injini mara moja, abiria wahamie upande ulio na kina, kisha isukumeni kwa upondo kurudi kwa njia mliyojia. Asiruke mtu. Tope hufika mapajani, na chaza walioshika mizizi hukata mguu vibaya.

Msimu wa kusi, upepo wa kusini, kuanzia Mei hadi Septemba, ongeza tahadhari moja. Upepo unaingia horini na maji yanatoka, vikikutana mlangoni bahari huchafuka. Rudi mapema kidogo au ubaki ndani ya daraja. Kaskazi, upepo wa kaskazini, Desemba hadi Machi, ni shwari zaidi.

Kilindini usijaribu kwa mashua ya kukodi: ni njia ya meli kubwa na kuna ulinzi. Itazame kutoka Mama Ngina, penye mibuyu, au panda feri ya Likoni kwa miguu. Ukiwa na muda siku nyingine, malizia Makupa maji yakiwa yamepwa. Hapo watu walivuka kwa miguu kabla ya daraja, na ndipo Wazimba, wapiganaji waliotoka upande wa Zambezi, waliokuwa wamepiga kambi bara walipoingilia mwaka 1589, Wareno wakiupiga mji kutoka baharini.