Mradi binafsi wa picha: jiwekee mipaka
Ukikwama kuanza mradi wako binafsi wa picha, jifunge kwa makusudi: lenzi moja, mahali pamoja, saa ileile. Mpiga picha wa Marekani Nicholas Nixon alianza mwaka 1975 kuwapiga picha mkewe na dada watatu wa mkewe huyo, mara moja kila mwaka, wakisimama kwa mpangilio uleule, akaendelea kwa zaidi ya miaka 40. Nguvu yote iko kwenye kurudi. Mimi napiga dirisha moja la nyumbani kila asubuhi kwa lenzi ya milimita 50. Wiki mbili za mwanzo zilinichosha kweli, usiache hapo. Halafu chapisha picha ndogondogo, zitandaze sakafuni, uondoe zinazorudia jambo lilelile. Kwenye skrini mfululizo hauonekani vizuri hivyo.