Namna ya Kuinyoosha Picha ya Projekta

Kabla ya kugusa menyu yoyote, weka projekta juu ya meza isiyotikisika, lenzi yake ikiutazama ukuta moja kwa moja, kwa sababu picha iliyopanuka juu na kusinyaa chini husababishwa na upande wa mbele wa mashine kuinuliwa. Marekebisho ya kidijitali huinyoosha picha hiyo kwa kuibana katika sehemu tu ya chipu inayounda picha, hivyo nukta (pikseli) za pembeni huzimwa na maandishi madogo hupoteza makali. Mimi huyatumia pale tu inaposhindikana kabisa kuisogeza mashine.

Katika projekta za DLP, ambazo chipu yake ya vioo vidogo ilibuniwa na Larry Hornbeck wa kampuni ya Texas Instruments mwaka 1987, kwa kawaida kila kioo hutengeneza nukta moja, kikiinama maelfu ya mara kwa sekunde ili kupeleka mwanga kwenye lenzi au kuutupa kando. Zungusha pete ya fokasi polepole huku mwenzako akisimama karibu na ukuta: vijistari vyembamba vinavyotenganisha nukta vikionekana wazi katikati na kwenye pembe zote nne, fokasi imekaa sawasawa.